Sahani ya Pili Uchanjani

Pale Ihumwa, aliyetaka habari za Damas alimuuliza mama yake, na mama yake, Tereza, hakuwahi kukosa jibu. Damas hajambo. Damas anawasalimu sana. Damas alipita juzi, aliingia giza limeshashika akaondoka kabla jogoo hajawika, si mnawajua watu wa machimbo walivyo na haraka. Emiliana, jirani wa Tereza aliyetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, alikuwa akiuliza kila Jumapili wakitoka kigangoni, na kila Jumapili alipewa kijihabari kipya, akaenda nacho kwake ameridhika.

Ukweli ni kwamba Damas hakuwa amekanyaga Ihumwa tangu mwaka wa themanini na nane. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, wakati biashara zilipofunguliwa na vijana wakaanza kuota utajiri wa Mererani, huko wanakochimba mawe ya buluu. Mwaka wa kwanza zililetwa salamu zake kwa mdomo wa kondakta wa basi. Baada ya hapo kimya. Si salamu, si barua, si mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, wanasiasa wanaahidi mabomba ya maji hata kwa mbuzi, na Tereza alikuwa bado anamsafirisha mwanawe kwa ulimi, anamleta na kumwondoa.

Usimcheke upesi. Tereza alizika mume, na kabla ya mume alizika watoto wawili waliokufa kwa surua. Huyu wa tatu naye akapotea. Aliyekulia kijijini anajua mwanamke wa namna hiyo anasemwaje kisimani. Hawasemi ana bahati mbaya, wanasema anawala. Basi Tereza aliona heri aitwe mama wa kijana mwenye haraka kuliko aitwe mchawi, na uongo wake aliutunza vizuri. Akisema Damas alikuja usiku, asubuhi yake aliosha sahani mbili. Moja ile aliyoitumia yeye, na nyingine safi, haijaguswa na mtu, akaisugua kwa majivu vilevile na kuianika uchanjani, upande ule ambao Emiliana akichungulia juu ya minyaa hawezi kuikosa.

Upweke ukizidi una akili zake. Kuna siku Tereza aliiosha ile sahani ya pili hata kama hakuna aliyekuwa ameuliza kitu.

Aliishi kwa zabibu. Marehemu mume wake aliziotesha enzi zile serikali ilipokuwa ikihimiza watu walime zabibu na ushirika ukizinunua zote, tamu na chachu. Siku hizi ushirika ulikuwa jina tu. Walikuja watu binafsi na pikapu zao, wakachagua vichala vilivyonona, vingine wakaviacha vikauke na kuliwa na nyuki. Wakati wa mavuno Tereza aliita wasichana wamsaidie kukata, na mmoja wao alikuwa Violeth, binti wa Silvano, kutoka kijiji cha ng'ambo ya reli, mwendo wa saa moja kwa miguu. Msichana mpole, mkono mwepesi, aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Mavuno ya Februari alikata zabibu huku anaimba. Mwezi wa saba alikuja tena, asubuhi ya baridi na upepo, wakati mizabibu haina hata kichala kimoja cha kukata.

Alisimama kwenye uwazi wa ua ana kifurushi cha nguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Kwenu kuzima?"

"Wazima," Violeth akasema, kisha akaanza kulia.

Tereza alimtazama tumbo, miezi minne au mitano, akasogea pembeni ya mlango ili apite. Ugali wa uwele ulikuwa umeshasongwa na mlenda upo. Alimpakulia kwenye ile sahani ya pili. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sahani ile ilichafuka kihalali.

Habari ilitoka vipande vipande. Silvano alipogundua hali ya binti yake alimchapa, akachoka, akakaa kimya siku nzima, kisha akapata dawa yake. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi aliyekubali kumchukua Violeth pamoja na tumbo lake, awe mke wa tatu.

"Amesema ng'ombe akija na ndama tumboni ni faida," Violeth alisema. "Mama, sheria inamruhusu baba kunioza hivyo? Na mimi nikikimbia, sheria itanifanya nini?"

"Sheria siijui, mwanangu. Wenye kuijua wako mjini. Ninachokijua ni kwamba mtoto wa watu ni wa watu. Watakutafuta tu. Na mwenye mzigo huu ni nani?"

Violeth alitikisa kichwa na kuangalia chini, na Tereza hakumchokonoa zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Siku ya tatu Tereza alilitoa jembe kweli, lakini hakumpa mgeni. Kwa wazee wa upande ule, binti akitoroka kwao akaingia nyumba ya watu, wenye nyumba hawakai kimya. Wanatuma jembe. Mtu mzima analichukua alfajiri, akifika kwa wazazi hasalimii, analilaza mlangoni na kusema, "Mlichopoteza msikitafute porini, kiko kwa fulani." Hapo wazazi wanajua mtoto wao hakuliwa na fisi. Lakini jembe halisemi neno hilo moja tu. Linasema pia: kijana wetu ndiye aliyemchukua binti yenu, njooni tuzungumze habari za ng'ombe. Tereza alilijua neno la kwanza na alilijua la pili. Alijiambia kwamba yeye anatuma la kwanza tu, la huruma, maana mzazi yeyote aliyepotelewa na mtoto anastahili kuambiwa, na nani alijua hivyo kuliko yeye. Jembe jipya hakuwa nalo. Alichukua la marehemu mume wake, lenye mpini wake uliolainishwa na viganja, akampa Gerson, mume wa Emiliana, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Gerson akalipeleka na kurudi.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, na niseme wazi kwamba Tereza alifurahi mno, furaha isiyomfaa mtu aliyehifadhi mtoto wa mwenzake. Aliamka akasikia mtu anafagia uwanja. Alikohoa, mtu akamuuliza kama amelala vizuri. Ukutani palikuwa na picha ya Damas siku ya kipaimara, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na Violeth alikuwa akiuliza kila mara kuhusu kijana yule. Tereza akaeleza. Pengo lake la meno ya mbele alilipata kwa kuanguka kutoka kwenye tangi la maji la stesheni. Kovu la kwenye nyusi ni la pembe ya mbuzi. Hanywi maziwa yenye utando mpaka uutoe. Akiwa anakuja nyumbani anapiga mluzi tangu relini, ili mama yake aweke maji motoni. Alieleza yote hayo kama mambo yanayoendelea, na Violeth alisikiliza huku akishona mkeka, tumbo likikua.

Emiliana naye hakuwa kipofu. Sahani mbili kila siku uchanjani, na binti wa watu ana mimba.

"Mkwe kafika?" akauliza juu ya minyaa.

Tereza alitabasamu, hakujibu. Kutojibu kwake kukatembea Ihumwa nzima kabla ya jua kuzama.

Ndipo mgambo akaleta samansi. Silvano alikuwa amefungua shauri katika mahakama ya mwanzo, na dai lake lilikuwa fupi kama alivyo mwenyewe: ama mtoto, ama ng'ombe. Kama mwanamke huyu amemficha binti yake, amrudishe. Kama mwanawe Damas amemwoa, basi Damas alipe ng'ombe wa kumpa mimba na ng'ombe wa mahari, wote.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, Elieth Wambura, mgeni wa mkoa, mwenye sauti ya chini inayowalazimisha watu kunyamaza ili waisikie. Kushoto kwake alikaa mzee wa baraza Bartolomayo, mwenyeji, na kulia mwenzake wa baraza, mama mmoja wa mjini aliyesikiliza zaidi ya kusema. Silvano aliingia na lile jembe begani.

"Mheshimiwa, nilitafuta mtoto vichakani," alisema. "Nilichungulia mpaka kwenye mashimo ya fisi, na mama yake anakuja nyuma yangu analia. Halafu naletewa hili." Akalilaza sakafuni mbele ya meza. "Mimi siyo mtu wa kugombana. Jembe limesema, na mimi nimeitika. Sasa aliyelituma ananikimbia."

Sauti yake ilikatika pale aliposema mashimo ya fisi, na Tereza aliinamisha macho. Alikuwa amejipa moyo kwamba Silvano ni mtu mbaya. Kumbe ni mtu tu, na alimtafuta mwanawe.

Mzee Bartolomayo aliinuka, akalipindua jembe kwa mguu.

"Jembe la posa huwa jipya," akasema, "tena halina mpini. Hili limelima miaka."

"Maskini hutoa alichonacho, mzee," Silvano akajibu, na watu wakacheka kidogo.

Hakimu hakucheka. Alieleza taratibu, ili kila mtu aelewe, hata waliokuwa wamesimama dirishani. Binti huyu ana miaka kumi na sita, alisema, maana baba yake mwenyewe ametaja kwamba alizaliwa wakati wa vita vya Kagera. Hajafika kumi na minane. Bado yuko chini ya baba yake, na mtu akimficha kwa siri anajitafutia kesi.

"Kwa hiyo jambo liko hapa kwenye jembe," alisema. "Kama jembe hili lilikuwa ni kutoa habari, basi mama huyu hakuficha mtu. Alimlisha mtoto na akawajulisha wazazi. Hana kosa, na binti atarudi kwa baba yake. Lakini kama lilikuwa ni posa, maana yake kijana wa nyumba hii amemchukua binti bila ridhaa ya baba. Hapo binti anaweza kubaki alipo wakati tunamwita huyo kijana aje ajibu. Violeth, simama. Ujauzito ni wa nani?"

Violeth alisimama. Aliwatazama baba yake na Tereza, akashika ukingo wa kanga.

"Ni wa Damas."

Chumba kikanguruma. Hakimu akauliza anamjuaje huyo Damas, na msichana yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwona, akamweleza bila kukwama. Ana pengo mbele. Ana kovu kwenye nyusi. Hanywi maziwa yenye utando. Akija anapiga mluzi tangu relini. Tereza aliinua macho. Miaka saba hakuna mtu aliyemtaja mwanawe mbele za watu kama kijana anayekula, anayekunywa, anayetembea. Pale mahakamani, kwa muda ule mfupi, Damas alikuwa hai, na alikuwa na mke, na alikuwa na mtoto njiani. Kwa nini asimwache aishi?

Emiliana aliitwa ushahidini. Aliapa akasema ukweli wake, maskini, hakuongeza wala hakupunguza.

"Kwaresima Damas alikuwepo. Mwenyewe mama yake aliniambia. Na sahani mbili niliziona uchanjani kwa macho yangu."

Kwaresima. Watu wakahesabu kwa vidole, miezi ikakubali. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Tereza ilikuwa imenyooka mpaka mlangoni mwa mahakama na kila mtu ameshaipita akaiamini.

"Mama Tereza," hakimu akasema, "sasa wewe. Jembe ulilituma la habari au la posa? Na mwanao alikuwepo Kwaresima?"

Tereza alisimama.

"Mheshimiwa, nikisema ni posa, mwanangu mtamfanya nini?"

"Tutamtumia samansi. Asipoitika tutatoa amri akamatwe."

"Mtamtafuta?"

"Polisi watamtafuta."

Hapo likamjia wazo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na mimi nalisema kwa sababu nisiposema hutamwelewa. Aliwaza: wamtafute. Serikali ina magari, ina askari kila mji, ina simu. Yeye miaka saba amewauliza makondakta tu. Akisema neno moja, posa, nchi nzima itamsaidia kumtafuta Damas. Na Violeth atabaki, na mtoto atazaliwa nyumbani mwake ataitwa wa Damas, na hakuna mwanamke kisimani atakayesema tena anawala. Neno moja tu, wala hakuwa na haja ya kulitunga, lilikuwa limeshatungwa.

"Popote atakapoonekana?" akauliza tena.

"Popote."

"Hata kama alikuwa anakuja nyumbani? Hata kama ndiyo kwanza anashuka kwenye treni, hajanywa hata maji?"

Hakimu alimtazama vizuri. "Hata akishuka kwenye treni, mama. Na akisikia kwamba anatafutwa, huenda asije kabisa."

Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na watu walingoja ipite kwa sababu pale hakuna aliyeweza kusikilizana nayo. Ilipokwisha kupita Tereza alizungumza, na alizungumza akimwelekea Emiliana badala ya hakimu.

"Mwanangu hajaja. Kwaresima hakuja. Pasaka zote hizo hakuja. Tangu alipoondoka mwaka wa themanini na nane hajaja hata mara moja, na sijui kama yu hai. Ile sahani nilikuwa naiosha mwenyewe. Jembe lilikuwa la kuwapa habari wenzangu kwamba mtoto wao yupo, basi. Sina kijana wa kuoa. Nisameheni."

"Mama!" Violeth alilia kwa sauti, na ilikuwa sauti ya mtu anayefungiwa mlango.

Hakuna aliyecheka. Emiliana alijifunika uso na kitenge. Mwanamke mmoja mlangoni akamsogeza mwanawe nyuma ya miguu yake, na Tereza alimwona.

Baada ya hapo Violeth naye hakuwa na la kuficha. Alisema mwenye mimba ni mnunuzi wa zabibu, aliyekuja na pikapu nyeupe wakati wa mavuno, akamwambia atamrudia. Jina lake Fredy, kama kweli ndilo jina lake. Ukoo hakuujua wala anapoishi. Hakimu alimwambia kwamba siku atakapojulikana alipo, sheria inamruhusu kuja kumdai matunzo ya mtoto, na mlango wa mahakama utakuwa wazi. Violeth aliitikia kwa kichwa, lakini wote waliokuwemo walijua pikapu nyeupe ziko ngapi Tanzania.

Hukumu ilikuwa fupi. Tereza hana kosa. Binti arudi kwa baba yake, asipigwe, na balozi wa nyumba kumi apite kumwangalia. Kisha hakimu akamgeukia Silvano.

"Na kuhusu yule mzee mwenye ng'ombe, nisikilize vizuri. Kwa umri huu ndoa inataka midomo miwili, wako na wa binti. Wako peke yake hautoshi. Wake ukisema hapana, hakuna ndoa, na anayelazimisha atakuja kusimama hapo alipokuwa amesimama mama huyu."

"Nimesikia," Silvano akasema.

"Na wewe, Violeth. Ukifika kumi na minane utakaa unapotaka."

Walitoka. Uani Silvano alimrudishia Tereza jembe lake kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha heshima.

"Nakushukuru kwa chakula ulichompa," alisema. "Lakini kwako asikanyage tena. Watu wamesikia."

Tereza alisema, "Sawa, baba." Alitaka kumuaga Violeth, ila msichana alikuwa ameshatangulia barabarani na mama yake, macho chini, kifurushi kichwani. Tereza aliweka jembe begani akaenda kwake.

Kifurushi kilikuwa kimeacha nafasi pembeni ya kitanda, na mkeka ulikuwa umeishia katikati, ukili unaning'inia. Tereza hakujua kushona mkeka wa mtindo ule. Aliukunja akauweka juu ya kabati. Kesho yake aliosha sahani moja, akaianika uchanjani, na ile ya pili akaifungia kabatini pamoja na mkeka.

Jumapili ilipofika alitoka kigangoni akatembea na Emiliana kama kawaida. Walipita stesheni, wakapita kwa muuza maandazi, wakafika kwenye minyaa. Emiliana alizungumzia mvua, akazungumzia mguu wa Gerson. Hakuuliza kuhusu Damas. Jumapili ya pili hakuuliza. Hakuwa na ubaya, alikuwa anamwonea huruma mwenzake na aibu imemshika, maana yeye ndiye aliyezitaja sahani. Wengine nao hawakuuliza tena, na kisimani walimpisha achote kwanza, kwa haraka mno, ili aondoke. Hapo Tereza alitambua kitu ambacho hakukitegemea. Zamani alidhani anawadanganya watu ili wasimseme. Kumbe alikuwa anawadanganya ili wamuulize. Mtu anayeulizwa habari za mwanawe bado ni mama. Sasa Damas alikuwa ameondoka kweli, kwa mdomo wa mama yake mwenyewe, na hakukuwa na mtu Ihumwa aliyemtaja.

Alipalilia mizabibu. Uchaguzi ukapita, walioshinda wakashinda. Mwanzoni mwa Desemba mvua ikaanza kudondoka, matone machache makubwa, ardhi ikanukia.

Siku ya kliniki alikuwa amekaa kizingitini anachambua kunde. Kina mama walikuwa wakipita njiani na watoto wao mgongoni, na walipofika usawa wa nyumba yake walivuta kanga kuwafunika watoto nyuso. Aliwaona kila mwezi, alikuwa ameshazoea kuinamia kunde zake. Kisha mmoja akasimama.

Alikuwa Violeth. Amekonda uso, amevaa kanga aliyoijua Tereza. Hakuingia. Alisimama kwenye uwazi wa minyaa, vidole vya miguu vimeishia pale ua ulipoishia, kama baba yake alivyoamuru. Emiliana upande wa pili aliacha kutwanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Tereza aliinuka, kunde zikamwagika. Hakusogea sana, asije akamtia msichana matatani. "Umejifungua salama?"

"Salama. Babu yake kamwita Matonya, kwa ajili ya mvua. Yule mzee nilimkataa, baba akanyamaza." Kisha Violeth akamgeuza mtoto kutoka mgongoni, akaifunua kanga, akamwinua ili Tereza amwone uso wote, mchana kweupe, na wale kina mama wengine wamesimama njiani wanatazama. Mtoto alikunja macho kwa jua, akapiga chafya.

Tereza alitazama mpaka akashindwa kuona vizuri.

"Mzuri," alisema. "Mfunike, kuna upepo."

Violeth alimfunika, akamrudisha mgongoni, akafunga kanga. Alikuwa amekwisha kupiga hatua ya kuondoka aliposimama tena. Akauliza kwa sauti kubwa, sauti ya kupita minyaa na kufika kwenye kinu cha Emiliana:

"Na Damas, mama? Hajambo?"

Miezi minne hakuna aliyeuliza. Jibu la zamani lilimjia Tereza mdomoni lenyewe, limekamilika, na jogoo wake na haraka yake. Alilimeza.

"Hajaja, mwanangu," alisema. "Akija nitamwambia uliniuliza habari zake."